Maikrofoni na Mzigo Wake

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hunena Waswahili. Methali hii yatufaa kuanzia habari ya chombo kidogo ambacho kwa muda mrefu kilibebeshwa mizigo na watu wasioujua uzito wake. Chombo hicho ni maikrofoni. Kila mwanafunzi ameiona: mwalimu mkuu huisemea siku ya wazazi, mhubiri huisemea kanisani, mtangazaji redioni. Lakini kazi yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Maikrofoni hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme, na umeme huo ni hafifu mno, aghalabu sehemu chache tu za elfu za volti moja. Hauwezi kutikisa kipaza sauti mpaka upokewe kwanza na chombo kingine kiukuze. Chombo hicho cha pili, yaani kikuza sauti cha awali, ndicho mzigo wa maikrofoni. Na namna kinavyoipokea sauti huibadilisha sauti yenyewe hata kabla ya kuikuza. Maikrofoni mbili zilizotoka katika kiwanda kimoja siku moja, zikiunganishwa na vikuza sauti viwili tofauti, zaweza kusikika kama ndugu wa baba mbalimbali.

Wataalamu walichelewa kulizingatia jambo hili. Hawakukosa akili, walikuwa na kanuni nzuri mikononi, kanuni iliyokwisha kufanya kazi njema mahali pengine. Historia ya kanuni hiyo ndiyo nitakayoisimulia.

Yatupasa kuanza na mwalimu wa shule. Georg Simon Ohm alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia mjini Köln, Ujerumani, na mwaka wa 1827 alitoa kitabu kilichoeleza kwamba mkondo wa umeme huongezeka kadiri msukumo wake unavyoongezeka, na hupungua kadiri njia yake inavyoukinza. Wakubwa wa elimu katika nchi yake walikipokea kitabu hicho kwa ubaridi. Heshima ilimfikia kutoka London mwaka wa 1841, alipotunukiwa nishani ya Copley. (Sisi walimu hatuchoki kuikumbusha habari hii.) Kipimo cha ukinzani kikaitwa kwa jina lake, omu. Lakini Ohm alizungumza juu ya mkondo uendao upande mmoja bila kubadilika. Mkondo utokao katika maikrofoni huenda na kurudi mara mamia au maelfu kwa sekunde moja, kwa kuifuata sauti, na mkondo wa namna hiyo hukutana na vizuizi vingine zaidi: waya uliozungushwa huukinza kwa njia moja, mabamba mawili yaliyokaribiana huukinza kwa njia nyingine, na kila kizuizi hubadilika sauti ikiwa nene au nyembamba. Ukinzani huo wa jumla ulipewa jina mwaka wa 1886 na Oliver Heaviside, Mwingereza aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 16 na kujifunza mengine yote peke yake baada ya kazi ya kupeleka simu za maandishi. Sisi twaliandika jina hilo impedansi.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Mlango wa kikuza sauti wenye omu chache ndio mzigo mzito, na wenye omu nyingi ndio mzigo mwepesi. Akili hutaka kinyume chake. Lakini fikiri: mlango wenye omu 200 huukinza mkondo kidogo tu, kwa hiyo huudai kwa wingi, mlango wenye omu 2,000 hudai sehemu moja ya kumi ya mkondo huo kwa msukumo ule ule. Adaiye kidogo ndiye mzigo mwepesi. Maikrofoni ni kama mpagazi mdogo wa mwili. Mpe furushi jepesi, naye atatembea kwa mwendo wake aliozaliwa nao. Mtwike gunia, na mwendo utakaouona si wake tena.

Sasa twende Urusi. Mjini St. Petersburg, katika miaka ya 1830, waliishi wanachuoni wawili wa asili ya Kijerumani, Heinrich Lenz na Moritz Jacobi, ambao waliwahi kushirikiana katika kuchunguza sumaku za umeme. Jacobi alitengeneza mota ya umeme, na mwaka wa 1838 alisafirisha abiria katika mto Neva kwa mashua iliyoendeshwa na betri. Alitaka sana kujua ni kwa njia gani betri yake ingetoa nguvu nyingi kabisa, akagundua kwamba nguvu ipokewayo huwa kubwa kupita zote pale mzigo unapokuwa na ukinzani sawa na ule ulio ndani ya betri yenyewe. Hiyo ndiyo kanuni ya ulinganifu. Gharama yake ni kwamba nusu ya nguvu yote hupotea kwa joto ndani ya betri, na nusu tu ndiyo imfikiayo mpokeaji.

Kanuni hii ni ya kweli, lakini ilieleweka vibaya mapema. Watu wenye sifa kubwa, James Joule akiwa mmoja wao, waliidhania kuwa na maana kwamba mota iendeshwayo na betri haiwezi kamwe kutumia vema zaidi ya nusu ya nguvu. Hawakuona kwamba Jacobi alikuwa amepewa betri asiyoweza kuibadilisha, akatafuta mzigo wa kuifaa. Kama mtu aweza kutengeneza chanzo cha umeme apendavyo, atakifanya kiwe na ukinzani mdogo kabisa kuliko mzigo, na hasara itapungua. Ndivyo walivyofanya Thomas Edison na msaidizi wake Francis Upton karibu na mwaka wa 1880: dainamo yao ilikuwa na ukinzani mdogo sana ikilinganishwa na taa ilizoziwasha, na sehemu kubwa ya nguvu, kupita nusu kwa mbali, ikafika kwenye taa. Mitambo yote ya umeme inayoangaza miji ya leo hufuata njia hiyo. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angelinganisha mji wa Nairobi na mitambo ya umeme ili nusu ya nguvu iunguze mitambo.

Edison huyo huyo alihusika pia na simu, na huko kanuni ya Jacobi ilikuwa na haki yote. Bell alipofaulu kusemesha waya mwaka wa 1876, sauti ilikuwa dhaifu. Mwaka uliofuata Edison alishughulikia kisemeo cha kaboni, na mwaka wa 1878 David Hughes alionyesha mjini London chombo cha namna hiyo akakiita maikrofoni. Kaboni haizalishi umeme. Hufungua na kubana njia ya mkondo utokao katika betri, kama kidole kinavyoubana mpira wa kumwagilia maji. Kwa njia hiyo sauti ilipata nguvu mpya. Hata hivyo nguvu hiyo ilipaswa kusafiri maili nyingi katika waya, na kwa miaka mingi hapakuwa na chombo cha kuikuza njiani. Kila chembe ya nguvu ilikuwa mali. Tena waya mrefu una tabia yake: wimbi la umeme likifika mwisho na kukuta mzigo usiolingana na waya, sehemu yake hurudi nyuma, kama wimbi la bahari lipigalo ukuta wa bandari, na msemaji husikia mwangwi wa maneno yake mwenyewe. Nyaya mbili za simu zilizotandazwa juu ya nguzo huwa na impedansi iliyo karibu na omu 600. Basi mafundi wa simu wakalinganisha kila kitu na 600, na namba hiyo ikaenea dunia nzima kama kipimo cha pishi sokoni.

Mambo yakabadilika kwa ajili ya valvu. Tarehe 25 Januari 1915 simu kati ya New York na San Francisco ilifunguliwa rasmi, ikisaidiwa njiani na vikuza sauti vya valvu. Valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa, yenye gridi ya waya ndani yake, na gridi hiyo ina tabia ya ajabu: haiombi nguvu. Huridhika na kuonyeshwa msukumo tu, yaani volti, kisha yenyewe huutawala mkondo mkubwa zaidi utokao mahali pengine. Hapo ndipo hoja ya Jacobi ilipokoma kuihusu maikrofoni. Ikiwa mpokeaji hahitaji nguvu, kuna faida gani kulinganisha na kupoteza nusu ya volti? Wala hoja ya mwangwi haikubaki. Sauti nyembamba kabisa asikiayo binadamu, mitetemo 20,000 kwa sekunde, wimbi lake ndani ya waya hufikia urefu wa kilomita 10 hivi. Waya wa maikrofoni wa mita 20 ni mfupi mno kuweza kurudisha mwangwi wa kusikika.

Mtu mmoja hakuwa na hiari ila kulitambua jambo hili mara moja. Edward Wente, wa kampuni ya Western Electric ya Marekani, alitengeneza mwaka wa 1916 maikrofoni isiyotumia kaboni wala sumaku. Ilikuwa na kiwambo chembamba cha chuma kilichowekwa karibu sana na bamba jingine, na umeme umewekwa kati yake. Kiwambo kikitikisika, nafasi hubadilika na volti hubadilika. Maikrofoni ya namna hii twaiita ya kapasita. Sauti yake ilikuwa safi kuliko zote zilizotangulia, lakini impedansi yake ni kubwa ya kutisha. Mwanafunzi wa kidato cha juu na ajipigie hesabu: kapasita ya pikofaradi 50, kwa sauti nzito ya mitetemo 50 kwa sekunde, huukinza mkondo kwa omu zaidi ya milioni 60. Ukiifungia mlango wa omu milioni moja, sauti nzito zote zitazama, zibaki nyembamba peke yake. Kwa hiyo valvu yenye mlango mwepesi kabisa ilipaswa kukaa ubavuni pa kiwambo. Georg Neumann wa Berlin alipoanza kuuza maikrofoni ya kapasita mwaka wa 1928, valvu ilikuwa ndani ya mwili wake, na mwili huo ulikuwa mkubwa hata watu wakauita chupa.

Kwa maikrofoni za sumaku kosa halikupiga kelele namna hiyo, na kwa sababu hiyo lilidumu. Maikrofoni ya utepe ilibuniwa Ujerumani na Walter Schottky na Erwin Gerlach mwaka wa 1924, kisha ikakuzwa na Harry Olson wa RCA huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ndani yake mna utepe wa alumini, mwembamba kuliko karatasi ya sigara mara nyingi, ulioning'inizwa kati ya ncha za sumaku. Hewa huutikisa, nao huzaa volti ndogo sana. Transfoma huipandisha kabla haijatoka nje. Sasa mkumbuke Lenz, yule rafiki wa Jacobi. Mwaka wa 1834 yeye alionyesha kwamba mkondo uliozaliwa na mwendo katika sumaku hugeuka na kuupinga mwendo uliouzaa. Mzigo ukiwa mwepesi, mkondo ni mdogo na utepe hucheza huru. Mzigo ukiwa mzito, mkondo huwa mkubwa, na utepe huvutwa nyuma na kazi yake mwenyewe, hasa katika zile sauti nzito ambazo kwa umbo lake hupenda kutikisika zaidi.

Tutie hesabu kidogo, maana bila hesabu haya ni maneno matupu. Tuseme maikrofoni ina impedansi ya omu 200 kwa sauti nyingi, lakini katika sauti fulani nzito hupanda hadi 600. Ukiiunganisha na mlango wa omu 200, kwa kuufuata ulinganifu, sauti nyingi zitaleta nusu ya volti zake, lakini ile sauti nzito italeta robo tu. Imepungua nusu nzima kuliko wenzake, besi imekwenda. Ukiiunganisha na mlango wa omu 2,000, sauti nyingi zitaleta asilimia 91 hivi, na ile nzito asilimia 77. Tofauti ipo bado, lakini ni ndogo, na sikio halitalalamika sana. RCA wenyewe waliyajua haya: walitaka maikrofoni zao za utepe ziunganishwe na transfoma ya mlangoni isiyofungiwa mzigo. Lakini maikrofoni huishi kuliko karatasi za maelekezo. Utepe wa zamani ulioingizwa katika vyombo vyenye mlango mzito ulisikika mkavu, na mtu asiyejua angesema kwamba maikrofoni imezeeka.

Kuna aina nyingine iliyoteseka zaidi, nayo ni ile ya bei nafuu iliyotumika sana katika kumbi na majumbani, yenye fuwele ndani yake. Hiyo hutaka mlango wa omu milioni moja au zaidi. Ikipewa mlango mdogo, msemaji husikika kama aliyebanwa pua. Na maikrofoni yoyote ya impedansi kubwa ina adui wa pili, ambaye ni waya mrefu: waya wenyewe ni kapasita, na ukipita mita sita hivi huanza kuzila sauti nyembamba, hata herufi s na sh zisitofautike vema. Mkutano mzima waweza kumlaumu mhutubu kwa kutamka vibaya, kumbe mwenye hatia ni waya uliolala chini ya miguu yao.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini tusumbuke kwa mambo madogo hivi. Ni kwa sababu kilichopotea katika waya ule wa kwanza hakirudi chote. Mwaka wa 1950 na tena mwaka wa 1952 Hugh Tracey alizunguka Afrika ya Mashariki akirekodi nyimbo za watu, pamoja na za Wakipsigis wa Kenya. Waimbaji wengi wa siku zile wamekwisha kufariki. Sauti zao tulizo nazo ni zile zilizopita katika maikrofoni na kuingia katika mlango wa chombo kilichokuwapo siku ile. Hatuwezi kuwaita waimbe tena mbele ya chombo kilicho bora. Mtu ashikaye maikrofoni mbele ya mzee asimuliaye habari za ukoo wake, hata leo, ana amana mikononi, na sehemu ya amana hiyo hupimwa kwa omu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili desturi ilibadilika polepole. Vyombo vya studio vikaanza kutengenezwa vikiwa na mlango wa omu kati ya 1,000 na 2,000 hivi, kwa maikrofoni za omu 150 au 200, yaani mzigo mwepesi mara tano mpaka kumi. Rupert Neve, Mwingereza aliyelelewa Argentina, aliweka katika chombo chake kiitwacho 1073, cha mwaka wa 1970, njia mbili za kuchagua: omu 300 au omu 1,200. Nami naona uchaguzi ule ni kama alama ya mpaka katika historia hii, kwa kuwa fundi alipewa mwenyewe kuchagua uzito wa mzigo badala ya kurithi namba ya nguzo za simu. Vyombo vingine vilivyotokana na kazi ya Neve katika kampuni ya Focusrite, iliyoanzishwa mwaka wa 1985, baadaye vilipewa njia nne, kuanzia omu 600 hadi 6,800. Kampuni ya AEA ya Marekani, ambayo hutengeneza maikrofoni za utepe kwa kufuata zile za RCA, imetengeneza pia vikuza sauti vyenye mlango wa zaidi ya omu 10,000 kwa ajili yake.

Si rahisi kupanda juu zaidi kwa kila chombo. Mwaka wa 1966 Neumann, kwa kutimiza haja ya redio ya Norwei, alianza kulisha maikrofoni za kapasita kwa volti 48 zipitazo katika waya ule ule wa sauti. Njia hiyo ilishinda dunia nzima, na hutumia vikinzani viwili vya omu 6,800 kila kimoja mlangoni. Kwa maikrofoni, hivyo viwili pamoja ni mzigo wa omu 13,600 ambao upo daima, hata kikuza sauti kikiwa chepesi namna gani.

Wala mzigo mwepesi haufai kila mahali. Mwaka wa 1965 kampuni ya Shure ya Marekani ilitoa maikrofoni ya SM57, ambayo ingali inauzwa. Ina transfoma ndani yake, na karatasi yake husema kwamba imeandikiwa omu 150, ingawa impedansi yake halisi ni omu 310. Baadhi ya mafundi huiona kuwa kali kidogo katika sauti nyembamba inapounganishwa na milango myepesi ya siku hizi. Nao hutia kikinzani ili mzigo ushuke hadi omu 500 au 600, wakisema kwamba sauti yake hutulia. Wengine husikiliza jambo lile lile na kusema kwamba hawaoni faida. Anayetaka kuamua baina yao ahitaji SM57 moja, kikinzani kimoja cha senti chache, na rafiki mmoja wa kupiga gitaa bila kubadilisha mkono wake mara ya kwanza na ya pili, na hilo la mwisho ndilo gumu kupatikana.